Samaki wa Kikaangoni

Katika nchi yetu, ambayo jina lake nalihifadhi kwa kuwa yenyewe haipendi kutajwatajwa, kuna Wizara ya Samaki, Mapumziko na Takwimu. Zamani zilikuwa wizara tatu zinazogombana. Mkuu wa nchi akaziunganisha ili zigombane chini ya paa moja na gharama za umeme zipungue. Waziri wake, Mheshimiwa Saganda Mlimbila, ni mtu mwema, mpole kwa madereva, anayependa kuulizwa maswali ambayo majibu yake anayo.

Bahati mbaya alikwenda kwenye mkutano ng'ambo, na huko, wakati wa chai, mjumbe mmoja akamuuliza kwa adabu kabisa: wananchi wenu wanaovua kwa burudani tu, si kwa biashara, huvua samaki wangapi kwa mwaka, na huvua kwa saa ngapi? Mheshimiwa hakujua. Alikunywa chai yake akiikodolea macho, akaenda msalani, akakaa humo mpaka kengele ya kikao ikalia. Aliporudi nyumbani alitangaza palepale uwanja wa ndege, kabla hata mizigo haijashushwa, kwamba taifa haliwezi kuendelea kuvua gizani.

Akaitwa Dokta Mtambalike, mtaalamu aliyesomea takwimu za samaki katika nchi yenye theluji. Dokta alieleza kwamba njia ya zamani, ya kutuma watu ufukweni wakahesabu wavuvi na kuchungulia vikapu vyao, ni ghali na tena inawalowesha watumishi wa umma. Siku hizi dodoso hutumwa kwenye simu, wananchi wakajijazia wenyewe, wachache wakajibu kwa niaba ya wengi, na kompyuta ikamalizia yaliyobaki. Ingejulikana mavuno, yaani samaki waliovuliwa, na ingejulikana juhudi, yaani muda ambao mwananchi ameutumia kuwatafuta. Mheshimiwa aliuliza jambo moja tu: kama kuna mtu atalowana. Akaambiwa hapana. Akasaini.

Na ili wananchi wapate moyo, ikaamuliwa kwamba kila atakayejaza dodoso hadi mwisho atapewa bando la intaneti.

*

Sasa niwapeleke Kikaangoni, wilaya iliyo mbali na kila kitu isipokuwa jua. Maji ya bomba hayakuwahi kufika huko. Wananchi walikuwa wameomba kisima kwa kila waziri aliyeapishwa, na kila mmoja aliwajibu kwa lugha nzuri kwamba ombi lao linafanyiwa kazi. Wakati linafanyiwa kazi, kina mama waliamka alfajiri kwenda kuchimbua maji kwenye mchanga wa korongo la Msua, wakarudi jua likiwa utosini.

Lakini mtandao ulifika. Kampuni moja ya simu ilitafuta mahali pa juu, pakavu, pasipo miti ya kuzuia mawimbi, na Kikaangoni ilikuwa na sifa zote.

Sokoni hapo palikuwa na kibanda cha kuchaji simu cha Nyamizi Kaselya, mama wa makamo mwenye sola mbili na subira nyingi. Nyamizi ndiye aliyeliona dodoso kwanza. Liliuliza kama amewahi kuvua samaki kwa burudani. Kwa kuwa ni mtu mkweli, alijibu hapana. Dodoso likamshukuru, likajifunga, na bando halikuja. Akaomba ruhusa ya mteja mmoja, akachukua simu yake, akajibu ndiyo. Hapo dodoso likachangamka: umevua wangapi, wa aina gani, kwa muda gani? Bando likaingia kabla hajaketi vizuri.

Habari zikaenea. Kufikia Jumapili wilaya nzima ilikuwa imevua. Watu wa Kikaangoni ni wastaarabu, hawakutaka serikali iwaone wavivu, kwa hiyo karibu wote walichagua "zaidi ya kumi". Kwenye aina za samaki kulikuwa na picha, wakachagua waliopendeza. Nyangumi hakuwekwa, vinginevyo wangemchagua. Walipofika sehemu ya juhudi walisita kidogo, kisha wakaandika saa wanazotumia kwenda korongoni na kurudi. Hapo hawakuongeza hata dakika.

*

Matokeo yalisomwa kwenye ukumbi wenye viyoyozi, Mheshimiwa akiwa amevaa tai yenye picha ya samaki. Alisema leo samaki wetu wametoka kwenye kiza cha dhana na kuingia kwenye mwanga wa asilimia. Alisema kinara wa uvuvi wa burudani nchini, kwa mavuno na kwa juhudi, ni Wilaya ya Kikaangoni, na akaomba makofi. Makofi yakapigwa. Mwandishi mmoja aliyezaliwa huko Kikaangoni alinyoosha mkono, akaambiwa maswali yatapokelewa kwa njia ya mtandao.

La mwisho kabisa, kwa mujibu wa kompyuta, lilikuwa Ziwa Tulu. Samaki sifuri, juhudi sifuri. Ziwa Tulu limezungukwa na milima na simu hazishiki, na isitoshe wanaokwenda kuvua huko wikiendi huwa na mikono yenye maji na magamba. Hakuna aliyejaza.

Afisa uvuvi wa Ziwa Tulu alikuwa Zawena Kibwengo, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, aliyependa kazi yake na viatu vyake vya mpira. Taarifa ya uhamisho ilimkuta gatini akipima perege aliyevuliwa na karani wa benki aliyekuja kupumzika. Dereva wa wizara alimweleza kwamba ziwa limeonekana halina samaki, hivyo halihitaji afisa, naye anapelekwa Kikaangoni kwenye samaki. Zawena aliinua yule perege kwa mkia akamwonyesha dereva. Dereva akasema yeye ameagizwa kuleta taarifa, hajaagizwa kutazama.

*

Alifika Kikaangoni na mtumbwi wa plastiki juu ya gari, maboya ya kujiokolea gunia zima, na bango lililoandikwa KARIBU KWENYE KITOVU CHA UVUVI. Watu walilizunguka gari kwa heshima. Mzee mmoja alitaka kujua kama ule mtumbwi ni jeneza la mtu mkubwa.

Zawena aliuliza maji yako wapi. Wakamwonyesha kibanda cha Nyamizi.

Nyamizi hakuficha kitu. Alimkalisha kwenye benchi, akamweleza habari ya swali la kwanza, ya bando, na jinsi kila mtu alivyotaka kuwaridhisha waulizaji. Zawena alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema:

"Kwa hiyo, mama, ni wewe uliyenihamisha."

Nyamizi aliinuka. Aliingia ndani, akatoka na beseni la maji, akapiga magoti, akamwosha mgeni miguu ya safari, kama desturi ya kwao inavyotaka. Zawena alikuwa na hasira, na miguu ina vumbi, akaacha aoshwe. Hakushukuru.

Kesho yake alfajiri aliamua kuandamana na kina mama korongoni, hasa kwa kuwa hakuwa na kazi nyingine. Walitembea mpaka jua likachomoza. Walichimba mchanga kwa vibakuli, wakasubiri maji yajikusanye, wakayachota kidogo kidogo, wakasubiri tena. Mjamzito mmoja alilala chini ya kivuli cha jiwe wenzake wakimjazia ndoo. Wakati wa kurudi Zawena alibeba ndoo ndogo, ya msichana, na hata hiyo aliitua mara nyingi njiani. Walipokaribia soko alielewa lile beseni la jana lilikuwa nini, akaona aibu iliyomshinda hata kuisema. Aliosha vyombo vya Nyamizi jioni ile bila kuombwa, kwa majivu na kitambaa chenye unyevu tu.

*

Alimpigia simu Dokta Mtambalike, akamwambia ukweli: Kikaangoni hakuna ziwa, hakuna mto, hakuna bwawa. Dokta alimsikiliza kwa upole wa mtu aliyezoea kusumbuliwa na wasiojua takwimu. Alimweleza kwamba waliojibu ni wengi mno kiasi kwamba hawawezi kukosea wote kwa pamoja. Kuhusu maji, dodoso halikuuliza habari za maji, kwa hiyo kitaalamu hakuna ushahidi kwamba hayapo.

"Wewe uko mahali pamoja," alisema Dokta. "Takwimu ziko nchi nzima."

Nyamizi, aliyesikia yote kwa kuwa simu ilikuwa inachajiwa kibandani, aliogopa. Aliuliza kama sasa watadaiwa mabando waliyokwisha kuyatumia. Zawena alimwambia asiwe na wasiwasi, akautazama mtumbwi wake uliokuwa umegeuzwa kuwa banda la kuku. Alikuwa na njia mbili. Angeweza kuendelea kusema hakuna samaki, afukuzwe, na Kikaangoni irudi kusahauliwa. Au angeweza kusema kuna samaki, na hilo lilikuwa uongo, naye alikuwa mtu wa mizani, uongo ulimtoka kwa shida. Alifikiri kutwa nzima, mpaka kuku wakaingia mtumbwini kulala.

Siku ya kikao cha wizara kwa njia ya video aliomba kusema. Mheshimiwa alikuwa kwenye kioo, Dokta pembeni yake, na nyuma yao ramani yenye Kikaangoni iliyopakwa rangi ya dhahabu. Nyamizi alikuwa ameishika simu.

"Mheshimiwa," alisema Zawena, "nathibitisha kwa macho yangu. Samaki wote wa Kikaangoni hawana maji."

Mheshimiwa alisogea karibu na kioo. "Hawana kabisa?"

"Hata tone."

"Tangu lini?"

"Tangu wilaya ianzishwe, Mheshimiwa."

Kisha kwa mara ya kwanza katika historia ya wizara ile, kila mtu alianza kuzungumza kuhusu maji ya Kikaangoni. Mheshimiwa alisema ni fedheha kwa serikali inayojali kuacha viumbe wake wateseke hivyo, akauliza mbona hakuna aliyewahi kuomba. Hakuna aliyemkumbusha. Dokta akafungua kompyuta yake, akaona jambo lililomfanya asimame: Ziwa Tulu lilikuwa na maji mengi yasiyo na samaki, na Kikaangoni ilikuwa na samaki wengi wasio na maji. Suluhisho lilikuwa linapatikana ndani ya nchi.

*

Mabomba yalitoka kwenye bohari yalikokuwa yamelala tangu kampeni za uchaguzi uliopita. Wakandarasi walifanya kazi mchana na usiku, maana amri ilisema samaki hawasubiri. Lambo likachimbwa, mtambo wa kusukuma ukawekwa ziwani, na siku maji yalipofunguliwa Kikaangoni nzima ilisimama ukingoni. Yalitoka kwanza na matope, kisha na povu, kisha yakawa maji. Wengine walicheka, wengine walilia. Nyamizi alikaa chini tu.

Jioni hiyohiyo likafika gari la wizara na uzio wa seng'enge, walinzi wawili, na kibao: MAJI YA SAMAKI. BINADAMU HARUHUSIWI.

Kesho yake kina mama waliamka alfajiri, wakapita kando ya uzio, wakaenda korongoni kama kawaida.

Zawena hakuweza kuvumilia. Alikaa na kanuni za uvuvi wa burudani, ambazo Dokta mwenyewe alikuwa amezitafsiri kutoka nchi yenye theluji, akazisoma kwa sauti huku Nyamizi akichambua mchicha mkavu. Kanuni zilisema mwenye leseni ataingia majini na zana yake. Zilisema zana ni chombo chochote kiwezacho kumtoa samaki majini akiwa salama. Zilisema pia kwamba samaki lazima asafirishwe ndani ya maji yake, asipate mshtuko.

"Soma tena hapo kwenye chombo," alisema Nyamizi.

Zawena alisoma tena. Nyamizi aliacha mchicha, akainua macho, akatazama ndoo yake.

Wiki ile Zawena alitoa leseni kwa wilaya nzima, kuanzia wazee hadi watoto waliobebwa mgongoni. Alfajiri wavuvi wa Kikaangoni walipanga foleni langoni, kila mmoja na leseni na ndoo. Walitumbukiza, wakavuta, wakachungulia. Aliyekosa samaki aliondoka na zana yake kama ilivyo, kwa sababu hakuna kanuni iliyomtaka aimwage kwanza. Walinzi walisoma kanuni, wakasoma leseni, wakapiga saluti. Mmoja wao, mwenyeji wa kusini, baada ya siku chache naye aliomba leseni, maana alikuwa hajaoga.

*

Kisha Mheshimiwa akaamua kuja kuvua.

Habari hiyo ilimkosesha Zawena usingizi. Katika haraka yote ile hakuna aliyekumbuka kupandikiza samaki lamboni. Kumbukumbu za wizara zilionyesha wamo tayari. Mheshimiwa angekaa, angekosa, angeuliza, na mabomba yangerudi boharini. Nyamizi alishauri wamfunge mtu mmoja makopo ya samaki kiunoni akakae chini ya maji na bomba la kupumulia. Zawena alikataa. Alisema ikifika hapo atamwambia Mheshimiwa ukweli, na amwombe kwa ajili ya wale kina mama. Alikwisha kupanga maneno.

Mheshimiwa alifika na kofia pana, fimbo ya uvuvi mpya, na kiti cha kukunja. Aliwaomba wasaidizi wakae mbali ili samaki wasitishike. Akatupa ndoana, akaketi. Saa zikapita. Mwanzoni alikuwa akitazama simu, baadaye akaizima. Akavua viatu, kisha soksi, akatumbukiza vidole vya miguu majini. Dokta Mtambalike alitaka kwenda kumweleza wastani wa kitaifa kwa saa, akazuiwa kwa ishara ya mkono. Kina mama walikuja na ndoo zao upande wa pili, wakachota taratibu, na Mheshimiwa akawapungia kama mvuvi anavyowapungia wavuvi wenzake.

Jua lilipoteremka Zawena alimwendea. Alianza kusema:

"Mheshimiwa, naomba nikueleze kitu. Humu ndani—"

"Humu ndani," alisema Mheshimiwa, "kuna samaki mjanja sana."

Alisema alimshika. Mkubwa, mwenye nguvu za ajabu. Alimvuta karibu kabisa na ukingo, wakatazamana, kisha samaki akakata uzi akaenda zake. Zawena alitazama uzi. Ulikuwa mzima, na ndoana ikining'inia mwishoni, na chambo chake hakijaguswa. Mheshimiwa naye aliutazama uzi. Kisha akaukunja pole pole bila kumwangalia mtu.

"Tangu niteuliwe," alisema kwa sauti ya chini, "sijakaa mahali siku nzima nisiulizwe kitu. Lambo hili lisiguswe."

Zawena akayameza maneno aliyoyapanga, akasema ndiyo, Mheshimiwa.

Kufikia chakula cha jioni samaki alikuwa na urefu wa mkono. Kufikia hotuba ya kuaga alikuwa na urefu wa mkuu wa wilaya, ambaye alisimamishwa kwa kipimo. Mheshimiwa alijaza dodoso mwenyewe garini, mbele ya Dokta, na alipofika kwenye mavuno akaandika kumi na wanne, wote waliorudishwa majini kwa huruma. Mwezi uliofuata lambo la Kikaangoni likatangazwa kuwa hazina ya taifa, na bomba likaongezwa la pili.

*

Miezi ikapita. Asubuhi moja Nyamizi alitumbukiza ndoo yake, na alipoivuta akasikia kitu kikipigapiga ndani. Akachungulia, akaruka nyuma. Kina mama wengine wakasogea, wakachungulia, nao wakarudi nyuma, maana wengi wao hawakuwa wamewahi kumwona samaki akiwa hai. Nyamizi akafunika ndoo kwa kanga, akaenda nayo moja kwa moja kwa Zawena.

Zawena alifunua kanga. Alikuwa perege, mpana kama kiganja. Bila shaka alipita kwenye chujio la Ziwa Tulu akiwa kifaranga mwembamba kama njiti, akasafiri na maji, akakulia Kikaangoni. Zawena alimshika kwa mikono miwili, akamgeuza, akatazama mapezi yake kwa muda mrefu. Tangu siku ile ya gatini hakuwa amegusa samaki.

Nyamizi alikuwa tayari ametoa simu. "Dada afisa, huyu tumjaze kwenye dodoso?"

Zawena alifikiri. Alifikiria ramani ya dhahabu, na Dokta akilinganisha samaki huyu mmoja na maelfu waliomtangulia, na maswali ambayo yangefuata.

"Huyu hapana," alisema. "Huyu atatuharibia wastani. Una chumvi?"

Nyamizi alikuwa na chumvi. Zawena alimfundisha kuparua magamba kwa mgongo wa kisu, kutoka mkiani kwenda kichwani, na kupasua tumbo bila kutoboa nyongo. Walimchoma nyuma ya kibanda mlango ukiwa umefungwa, wakamla na ugali, simu za wateja zikichajiwa juu ya vichwa vyao. Nyamizi alikula kwa uangalifu, akitoa miiba mmoja mmoja na kuipanga kando ya sahani, akiitazama kama mtu asiyeamini kazi yote hii ni kwa ajili ya mnofu kidogo namna ile.

Aliuliza kama huyu ndiye ambaye Mheshimiwa alikaa kutwa nzima akimsubiri.

Zawena akasema ndiye, au ndugu yake.

Nyamizi akanyonya kichwa cha samaki mpaka kikawa cheupe, akakiweka chini, akasema sasa anamwelewa Mheshimiwa kidogo.